Jambo la Tano

Mkahawani walimwita Daftari kwa sababu hakuwahi kushika daftari. Meza ya watu wanane ilijaa, kila mtu na lake, huyu anataka chai isiyo na sukari, yule samaki asiguswe na pilipili, mwingine anabadilisha mawazo mara tatu kabla hajafunga mdomo, naye alisimama tu mikono nyuma, akitikisa kichwa taratibu. Kisha aliingia jikoni na kuyamwaga yote kwa pumzi moja. Wenzake walitembea na vijitabu, kalamu zimechomekwa masikioni. Yeye alitembea na kichwa chake, miaka kumi na mmoja sasa. Wateja wa siku nyingi walipenda kumleta mgeni na kumnong'oneza, "Huyu mjaribu uone. Hababaiki."

Jumatatu moja alfajiri simu yake iliita. Alikuwa mama yake, na mama yake hakuwa mtu wa kupiga simu saa hizo.

"Mwanangu, njoo. Tumbo."

Basi. Simu ikakatika.

Daftari aliishi nusu saa kutoka kwa mama. Alifika akiwa amevaa blauzi nje ndani, akamkuta mama amekaa sakafuni jikoni, mgongo ameuegemeza kabatini, jasho linamtiririka hadi kidevuni, na jiko bado linawaka na sufuria ya uji juu yake. Alizima moto, akaita teksi. Dereva, Mungu ambariki, alipanda hadi ghorofa ya pili bila kuombwa mara mbili, wakamshusha mama ngazi kwa ngazi, yeye akilalamika kwamba hakuaga mtu.

Hospitalini daktari alimbonyeza chini ya mbavu mara moja tu, mama akapiga ukelele ambao Daftari hakuwahi kuusikia maishani. Kifuko cha nyongo kilijaa mawe na kilikuwa kimepasuka. Hakukuwa na muda wa kungoja. Karatasi zilisainiwa, mama akavishwa gauni la kijani, akalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, na nesi mmoja mwenye haraka akaanza kukisukuma kuelekea chumba cha upasuaji.

Daftari alitembea kando yake. Korido ilikuwa ndefu, ina milango miwili ya kusukuma, na taa moja kati ya tano ilikuwa imeungua.

"Nipe mikono yako," mama akasema.

"Mama, pumzika."

"Nitapumzika humo ndani. Nipe mikono. Nina mambo kumi, na wewe ndiye mwenye kichwa katika familia hii. Kaka yako ningemwandikia, angepoteza karatasi."

Akaushika mkono wa kushoto wa bintiye na kuanza kuvikunja vidole, kimoja kwa kila jambo, kama alivyomfundisha kuhesabu akiwa mdogo.

"La kwanza, gesi. Ulizima moto, hukufunga mtungi. Kaufunge."

"Ndiyo, mama."

"La pili, mpigie kaka yako. Usimtishe. La tatu, nguo ziko ndani ya beseni tangu jana, zitaoza. Zitoe, uzianike."

"Ndiyo."

Hapo wakafika kwenye mlango wa kwanza. Nesi aliusukuma kwa mgongo, gurudumu likanasa kwenye kizingiti, mama akauma meno kwa maumivu. Lakini hakuacha kusema, wala kukunja vidole. Alisema la nne, akasema la tano, akahamia mkono wa kulia. Mbele yao mhudumu mwenye ndoo alikuwa anapiga deki na nesi akampigia kelele asogee. Daftari aliitikia kila kidole. Hilo baadaye aliliapia mbele ya kila mtu: aliyasikia yote na aliyaitikia yote.

"La nane, paka," mama alisema walipokaribia mlango wa pili, na sasa alikuwa anaongea haraka kama mtu anayeogopa kuachwa na gari. "Asipokula mapema anaingia nyumba za watu. La tisa, shangazi yako asijue chochote mpaka nitoke, atakuja hapa na kulia kama nimeshakufa. La kumi, niletee shuka langu la bluu na miwani. Umeyashika?"

"Yote, mama."

"Kumi?"

"Kumi."

Mama akaviachia vidole vyake, mlango ukafunguka, kisha ukajifunga.

Daftari alimpigia kaka yake papo hapo. Kaka huyo alikuwa fundi wa jenereta mji mwingine, mtu wa maneno machache, na alipoambiwa "usiogope" akaogopa. Akasema ataomba ruhusa, atasafiri kesho. Nesi akamwambia Daftari kwamba upasuaji ungechukua saa tatu au zaidi, hakuna haja ya kukaa pale akihesabu vigae. Kwa hiyo akarudi nyumbani kwa mama.

Alifunga mtungi wa gesi. Alizikamua nguo, akazianika kwenye kamba ya roshani. Akampa paka samaki aliyebaki jana yake, paka akala bila shukrani. Akalikunja shuka la bluu, akaitafuta miwani na kuikuta juu ya friji. Shangazi alipiga simu, hakupokea.

Kisha akasimama sebuleni, mfuko begani, asiweze kutoka.

Kulikuwa na kitu. Alikihisi kama mtu anavyohisi punje ya mchanga ndani ya kiatu. Ghorofa ya juu kulisikika kugonga, kitu kama fimbo sakafuni, ko-ko-ko, kimya, halafu ko-ko tena. Fundi, alifikiri, anatengeneza nyumba ya mtu. Akaangalia saa. Akafunga mlango, akashuka, akapanda tena kuhakikisha amefunga mtungi, akashuka.

Daktari alitoka saa nane mchana, barakoa shingoni. Upasuaji ulikwenda vizuri, alisema, ila usaha ulikuwa umeshasambaa tumboni. Wangemlaza mama kwa dawa ya usingizi, na mashine ya kupumulia, siku mbili au tatu, mpaka mwili upate nguvu.

"Nitaweza kuzungumza naye?"

"Utazungumza wewe, dada. Yeye hatakujibu."

Akaruhusiwa kumwona dakika tano. Mama alikuwa mdogo kuliko alivyokuwa asubuhi, mrija mdomoni umebandikwa kwa plasta. Daftari akamtandikia shuka lake la bluu miguuni, maana wauguzi hawakuruhusu zaidi ya hapo. Akaketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, akaviweka viganja vyake magotini na kuanza kukunja vidole.

Gesi. Kaka. Nguo.

Mkono wa pili, akianzia mwisho: shuka na miwani. Shangazi. Paka.

Sita. Vidole vinne vilibaki vimesimama, viwili kila mkono, vinamtazama.

Alianza upya. Gesi, kaka, nguo... Hapo kulikuwa na mlango, gurudumu, meno ya mama. Aliona kila kitu. Aliiona hata ndoo ya yule mpiga deki, ilikuwa nyekundu na mpini wake umefungwa waya. Mdomo wa mama aliuona unacheza. Sauti hakuisikia.

Akampigia kaka yake.

"Mama alinipa mambo kumi. Ninayo sita."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Nisaidie kufikiri. Mama angetaka nini?"

"Labda mambo ya kikundi chao cha ushonaji. Hawakutani Alhamisi?"

Kitu kikafunguka kichwani. "Hilo! La saba. Nimwambie mwenyekiti wao kwamba hatakuja. Ee, hilo lilikuwa la saba, nesi alikuwa anampigia mtu kelele. Mengine?"

"Dada, yatakuwa mambo madogo tu. Mama si angeanza na makubwa?"

Hilo lilimtuliza kwa muda wa kama dakika nne. Kisha akainuka, akatembea hadi mwisho wa korido na kurudi, akaenda tena. Mlinzi akamuuliza kama anatafuta choo. Jioni alikula nusu andazi akaliacha. Usiku aligeuka kitandani mpaka shuka likamfunga miguu kama kamba, na kila alipokaribia kushikwa na usingizi, kidole kimoja kilisimama.

Jumanne alikwenda kazini. Wangemruhusu kumwona mama saa kumi tu, na kukaa nyumbani peke yake na vidole vyake aliona kungemtia wazimu. Mkahawa ulijaa mapema. Karibu na saa sita waliingia watu tisa wa ofisi moja, wakaunganisha meza mbili, na Daftari akasimama mbele yao mikono nyuma kama kawaida. Wakasema. Akatikisa kichwa. Akaingia jikoni akamwaga.

Dakika ishirini baadaye sahani mbili zilirudi. Mwanamke wa tano hakuagiza kuku. Wa sita alisema wazi wali, si viazi.

Mpishi mkuu alikuwa mwanaume mnene mwenye sauti ndogo, ambaye jikoni wote walimwita Mjomba. Alizipokea zile sahani bila kelele, akageukia jiko na kuanza upya, kana kwamba alikuwa amejiandaa.

"Samahani, Mjomba. Leo kichwa changu hakipo. Mama yangu..."

"Nimesikia, pole sana. Lakini usikisingizie kichwa cha leo. Wa tano na wa sita hurudi hata siku nzuri."

"Hurudi wapi?"

"Hapa, mikononi mwangu." Akageuza kuku kwenye kikaango. "Meza ya watu wanne hukosei. Watu sita, mara chache sana. Ikifika nane, tisa, wale wawili wa mwanzo ni sawa, wa mwisho ni sawa, ila wa katikati mimi huwapikia nikiwa na wasiwasi. Mara nyingine naweka pembeni sehemu ya akiba, nikijua itarudi. Wenzako huja kuichukua kimyakimya."

Daftari alihisi masikio yanawaka. Miaka kumi na mmoja. "Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie ili iweje? Unafurahi, wateja wanafurahi. Na si wewe tu, binti. Mtume mke wangu sokoni vitu kumi, atarudi na vya juu na vya chini. Vya mwanzo vimeingia kichwani kikiwa kitupu, vya mwisho bado vinalia masikioni. Vya katikati vinasukumwa huku na huku kama watu kwenye mlango mwembamba."

"Hata kama ni vikubwa?"

"Kichwa kinajuaje kwamba ni kikubwa? Kimefika saa mbaya, basi."

Daftari akaegemea friji. Kwa hiyo kaka yake alikosea. Mama hakuyapanga kwa ukubwa. Aliyasema kama yalivyomjia.

Akamweleza Mjomba yote, vidole na korido na ndoo nyekundu. Mjomba alimsikiliza akipakua wali.

"Ukisahau ya mtu mezani, na hutaki kumuuliza, unafanyaje?"

Daftari alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Nachungulia pale mlangoni. Naangalia kiti chake. Nikiona kiti na namna alivyokaa, mara nyingine sauti yake inakuja."

"Basi hapa jikoni hakuna kiti cha mama yako. Nenda kwake ukaangalie. Hizi sahani nitazipeleka mwenyewe, waione sura yangu angalau mara moja."

Daftari aliondoka bila hata kuvua aproni.

Nyumbani kwa mama alisimama mlangoni, akashusha pumzi, akajilazimisha kwenda polepole. Jana alikuwa ameingia hapa kama mtu anayetimiza oda. Hakuangalia chochote ambacho hakuwa amekuja kukifuata. Mama alipokuwa amelala kwenye kile kitanda akikunja vidole, alikuwa anatazama wapi? Alikuwa amezimia nusu kwa maumivu. Alikuwa anaitazama nyumba yake, bila shaka. Alikuwa anaizunguka kama anavyoizunguka kila asubuhi.

Akaanzia jikoni. Jiko: gesi. Kando ya jiko, rafu ambayo mama huchaji simu yake: kaka. Akapita bafuni: beseni, nguo. Mama akitoka bafuni huenda wapi? Anakuja kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia, anakaa kwenye stuli, anavaa viatu. Daftari akakaa kwenye stuli. Viatu vya mama vilipangwa ukutani, na kulikuwa na nafasi ya jozi moja.

"Viatu vyeusi viko kwa fundi," alisema kwa sauti. La nne. Hilo lilikuwa la nne! Akacheka peke yake kama mwendawazimu, akainua uso.

Mbele yake, kando ya mlango, palikuwa na kimeza kidogo. Juu yake sinia, bakuli lenye mfuniko, kijiko kimoja, vyote vimeoshwa na kufunikwa kitambaa. Juu ya sinia, kwenye msumari, ulining'inia ufunguo wa kufuli wenye uzi mwekundu.

Na sauti ya mama ikaja, kavu, imebanwa na meno, gurudumu likigonga kizingiti: *La tano, bibi wa juu. Mwanawe hayupo mpaka Jumamosi, amemfungia kwa nje asipotee. Asubuhi, mchana, jioni. Ufunguo uko msumarini. Sijampelekea cha leo.*

Daftari hakukumbuka baadaye alivyoutoa ule ufunguo. Alikumbuka ngazi tu, na maji. Ngazi za kwenda ghorofa ya tatu zilikuwa na maji, yanateremka kidogo kidogo kutoka daraja hadi daraja.

Kufuli lilikuwa limefungwa. Aliudondosha ufunguo, akauokota, akafungua.

"Bibi! Bibi, ninakuja!"

Ndani maji yalifunika sakafu yote ya jikoni. Bomba la sinki lilikuwa wazi, linamwaga. Maji katika jengo lile yalikatika Jumapili na yalirudi Jumanne hiyo saa nne asubuhi. Bibi alikuwa amefungua bomba siku ambayo halikuwa na kitu, akaliacha hivyo. Maji yaliporudi alikuja mbio kuyanywa, akateleza.

Alikuwa amekaa kwenye maji yale, mgongo ukutani, fimbo yake imeelea mbali naye. Mwanamke wa umbo dogo, mwepesi, nywele nyeupe zimesimama. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba hadi kung'aa. Midomo ilikuwa imepasuka. Lakini macho yalikuwa wazi, na yalimtazama Daftari kwa hasira ya mtu mzima.

"Umechelewa," bibi akasema.

Daftari alipiga magoti majini. "Nimechelewa, bibi. Nisamehe."

"Niligonga. Niligonga jana. Kwani hamna masikio huko chini?"

Ile fimbo. Jana alisimama pale chini, mfuko begani, akaisikia, akafikiri ni fundi.

"Nilisahau, bibi," Daftari alisema. "Niliambiwa, nikasahau."

Bibi alimwangalia usoni. Huenda alimdhani ni mama yake, huenda hakujua ni nani kabisa. "Mimi ndiye ninayesahau," akasema. "Kila mtu hapa anajua. Wewe ni mzima, wewe usisahau."

Alimnywesha maji kwa kijiko, kidogo kidogo, akamvua nguo zilizolowa, akamfunga blanketi na kumshusha ngazi kwa mgongo kama mtoto. Alikuwa na uzito wa mfuko wa nguo. Mlango wa hospitali ulikuwa ule ule wa jana, na nesi wa mapokezi akamshangaa: "Leo tena? Huyu naye ni mama yako?"

"Huyu ni bibi yangu," Daftari akajibu, kwa sababu hakuona jibu lingine fupi.

Mfupa wa kifundo ulikuwa umevunjika. Wakauweka kwenye plasta ngumu, wakamtundikia dripu. Daktari kijana aliuliza mara ngapi amekula tangu Jumapili jioni, Daftari akamwambia ukweli, naye akaacha kuandika. Hakumkaripia. Alisema tu kwamba mtu wa umri ule, siku moja zaidi, wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Daftari aliyasikiliza yale maneno akiwa amesimama, na baada ya hapo alizunguka uwanja wa hospitali mara tatu, aproni bado imemfunga kiunoni, akitafuta pa kukaa asipaone.

Namba ya mtoto wa bibi aliipata ndani ya simu ya mama. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Ngurumo ya injini ilisikika nyuma ya sauti yake.

"Mimi ni binti wa mama wa ghorofa ya pili," Daftari akasema. "Mama yako yuko hospitali. Yuko salama sasa, lakini amevunjika mkono, na amekaa tangu Jumapili jioni bila kula. Mama yangu aliugua ghafla, akaniagiza nimpelekee chakula. Nilisahau."

Injini ilinguruma. Kisha ikazimwa.

"Ulisahau," yule bwana akarudia.

"Nilipewa mambo kumi, na hilo..." Akasita. Angemweleza nini mtu huyu, habari za sahani za katikati? "Nilisahau. Sina neno lingine."

Daftari alitazama simu kuona kama imekatika.

"Ningeweza kukutukana," alisema yule bwana hatimaye. "Nilikuwa naanza. Lakini kufuli nililinunua mimi. Mama yako alinikataza. Aliniambia, siku nikianguka mimi, atajua nani? Nikamwambia wewe huanguki." Akakohoa. "Naigeuza gari. Nitafika kesho."

Mama alitolewa mrija Alhamisi asubuhi. Kaka alikuwa ameshafika, amekaa upande mmoja wa kitanda na kofia yake magotini, Daftari upande wa pili. Mama alifumbua macho, akayafumba, akafumbua tena. Sauti yake ilikuwa kama karatasi inayochanwa.

"Bibi wa juu?"

Kaka akamtazama dada yake. Daftari alikuwa amejiandaa kwa siku mbili kwa maneno mazuri, yakamtoka yote. Akasema kama yalivyokuwa: alisahau, alikumbuka Jumanne mchana, mkono umevunjika, yuko wodi ya pili kutoka hapa, mwanawe yuko naye.

Machozi yalimtoka mama yakashuka pembeni mwa macho hadi masikioni. Hakuwa na nguvu ya kuyafuta.

"Nilikuambia hilo mwanzo kabisa," akasema.

"Hapana, mama. Mwanzo ilikuwa gesi."

"Gesi? Mtu anaacha mtu, anaanza na gesi?"

"Ulianza na gesi, ukaja kwa kaka, ukaja kwa nguo. Bibi alikuwa wa tano. Kidole gumba, huu mkono."

"Wa kwanza," mama akasisitiza. "Ndiye niliyekuwa namfikiria tangu kule jikoni. Uji ulikuwa wake. Nimekaa pale sakafuni nasema moyoni, bibi, bibi, bibi. Ningewezaje kumtaja wa tano?"

Daftari hakubisha tena. Alielewa kwamba mama hakuwa anasema uongo. Moyoni mwake kweli bibi alikuwa wa kwanza, na mdomoni akatoka wa tano, kwenye kizingiti, gurudumu likinasa.

"Unanichukia?" aliuliza.

"Nina hasira," mama akasema. "Nitakuwa nayo siku kadhaa. Ni dawa gani wanampa? Anakula?"

"Anakula. Anawagombeza manesi wote."

"Vizuri." Mama akafumba macho. "Kaka yako apeleke viatu... hapana, akachukue viatu. Na wewe usiondoke hapo." La sita halikukumbukwa na yeyote, hata mama mwenyewe.

Kufuli liliondolewa. Yule dereva aliomba kazi ya masafa mafupi, akawa analala nyumbani, na mchana mlango wa bibi ukabaki wazi, na wapangaji wa jengo zima wakaambiwa: ukimkuta ngazini, mrudishe, na ukishindwa mgongee mama wa ghorofa ya pili. Daftari alihamia kwa mama hadi kidonda kipone. Asubuhi alipeleka uji juu kabla ya kwenda mkahawani, akakaa kitini mpaka bakuli liishe, akaaga, akashuka. Kila siku alifika chini kwenye geti, akasimama, kisha akapanda tena ghorofa tatu, kuchungulia tu.

Bibi alikizoea kichwa kile kinachojitokeza mlangoni, hata siku ambazo hakujua ni cha nani.

"Umeniona," humwambia. "Nipo. Nenda kazini."

Naye huenda.